Je, Kuna Damu Mbaya? Jawabu Kuhusu Mtoto wa Kabuku na Tabia za Kurithi

  

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa Pemba. Kwa ruhusa yake tunalijibu hapa hadharani, kwa sababu linagusa nyumba nyingi za visiwani kwetu. Majina tumeyaacha ili kuwasitiri wahusika.

Swali lenyewe

Ndugu yetu anasema ana mtoto wa kaka yake, mvulana wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake mzaa mama huko Kabuku, mkoa wa Tanga. Baba wa mtoto alivuka bara kutafuta riziki, akaingia katika wizi na ugomvi, na sasa anatumikia kifungo. Mama ameolewa na mume mwengine na anaishi mbali. Habari zinazofika Pemba ni kwamba mtoto anaiba pesa, anawapiga wenzake mpaka kuwatoa damu, na anasema uongo huku amekukazia macho. Chuoni ameshafukuzwa, na skuli nako wanakaribia kumchoka.

Bibi alipopiga simu kwa babu wa mtoto, mzaa baba, ukoo ulikaa kikao. Wazee wakasema: "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Damu ni ile ile, akija hapa atatuharibia watoto wetu." Ndugu yetu hakuridhika moyoni. Anauliza mambo mawili: Je, ni kweli tabia kama hizi zimo katika damu? Na je, tukimkataa tunapata dhambi?

Swali hili hatukupenda kulijibu tukiwa tumekaa Unguja. Ilisadifu tulikuwa na safari ya Tanga, tukaongeza mwendo mpaka Kabuku.

Tuliyoyakuta Kabuku

Wengi wetu tumeshaipita Kabuku tukiwa tumesinzia ndani ya basi. Ipo Wilaya ya Handeni, kwenye barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, ukishapita Mkata na kabla ya Michungwani. Ni nchi ya Wazigua, ya machungwa na ya mkonge. Mkonge huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche aliyoagiza, iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Baadae mashamba yakaenea mkoa mzima, yakavuta vibarua kutoka kila upande wa nchi. Kwa hivyo katika miji ya namna hii utakuta watu wa nasaba nyingi wanaishi ukuta kwa ukuta.

Bibi alitupokea vizuri. Tulipomwambia tumekuja kwa habari ya mjukuu wake kupelekwa Pemba, alishangaa. Akasema: "Shekhe, mimi sikuwaambia waje wamchukue. Niliwaambia wanisaidie. Nimechoka, lakini mtoto nampenda."

Tukamuomba atueleze maisha ya mtoto tangu kuzaliwa. Miaka yake mitatu ya mwanzo aliiona kwa macho yake baba akimpiga mama. Alipokuwa na miaka miwili alipata homa kali na degedege, akalazwa. Alipofika kwa bibi alikuwa amekonda na nywele zimebadilika rangi. Chuoni watoto walikuwa wakimwita "mtoto wa jambazi", na mwalimu aliwasikia akanyamaza. Siku aliyomrushia mwenzake jiwe ndiyo siku aliyofukuzwa.

Tukauliza: "Na kipi anachokifanya vizuri?" Bibi alifikiri kidogo, akasema: "Mbuzi. Anachunga mbuzi wa jirani, na hajapotea hata mmoja."

Tuyaweke mambo haya akilini, kwani tutayarejea.

Jeni ni kitu gani?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembechembe nyingi mno, na ndani ya kila chembe, isipokuwa za aina chache, mna maelezo ya urithi ambayo wataalamu huyaita jeni. Nusu ya jeni zake mtoto huzipata kwa mama, na nusu kwa baba. Ndiyo maana utaona pua ya babu kwenye uso wa mjukuu, au rangi ya bibi aliyekufa zamani ikirudi kwa kitukuu.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Sahihi Bukhari na Muslim imepokewa habari ya bwana mmoja wa jangwani aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka, kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) alimuuliza habari za ngamia wake: wana rangi gani, na je, hakuna mwenye rangi tafauti? Bwana yule akakiri kwamba wapo, na kwamba huenda ni mshipa wa ukoo wa zamani uliovuta. Ndipo akaelezwa kwamba hata mtoto wake huenda amevutwa vivyo hivyo.

Na tabia je? Hapo pia kuna asili. Mtume (S.A.W.) alimsifu Ashajj wa kabila la Abdul-Qays kwa sifa mbili, upole na utulivu. Katika mapokezi ya Abu Daud, Ashajj akauliza iwapo sifa hizo amezichuma mwenyewe au ameumbwa nazo. Akajibiwa kwamba ni Mwenyezi Mungu aliyemuumba nazo. Basi asitokee mtu akasema kuwa Uislamu unakataa maumbile ya kuzaliwa nayo. Mama yeyote aliyezaa watoto watatu anajua kwamba mmoja alikuja mpole na mwengine alikuja moto, na wote wamenyonya ziwa moja.

Wataalamu wamepata nini

Wataalamu hupima urithi kwa kuwalinganisha mapacha wanaofanana kabisa, ambao jeni zao ni sawa, na mapacha wa kawaida, ambao wanashirikiana jeni kama ndugu wengine. Huwaangalia pia watoto waliolelewa na watu wasiowazaa. Mwaka 2002, Soo Hyun Rhee na Irwin Waldman wa Marekani walikusanya tafiti 51 za namna hiyo kuhusu ukorofi, uonevu na uvunjaji wa sheria. Walikuta kwamba katika kila mia ya tafauti zilizopo baina ya watu katika tabia hizo, takriban 41 zinahusiana na urithi, na zilizobaki zinahusiana na mazingira.

Hapa watu wengi huteleza. Haina maana kwamba mtoto fulani ni mwizi kwa sehemu 41 za damu yake. Hesabu hiyo inahusu tafauti baina ya watu wengi, haigawi tabia ya mtu mmoja. Ngarawa ikikimbia baharini, huwezi kusema mbio hizi nusu ni za tanga na nusu ni za upepo. Tanga bila ya upepo halendi kokote, na upepo bila ya tanga unapita zake.

La pili: hakuna jeni ya wizi wala jeni ya ujambazi. Zipo jeni nyingi, kila moja ikiwa na athari ndogo, zinazomfanya mtoto awe mwepesi wa hasira, au asitulie, au asiogope haraka. Mtoto asiyeogopa haraka huyo huyo anaweza kuwa mpiga mbizi hodari au askari wa zimamoto.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu utotoni mpaka utu uzima. Mwaka 2002 Avshalom Caspi na Terrie Moffitt pamoja na wenzao walitoa matokeo ya wavulana 442 waliopimwa jeni iitwayo MAOA, inayosaidia kusafisha baadhi ya kemikali za ubongo. Jeni hii ina namna mbili kuu, yenye nguvu na dhaifu, na hiyo dhaifu si adimu, wanaume wengi wanayo. Wavulana wenye jeni dhaifu ambao pia waliteswa utotoni walikuwa 12 tu katika kila mia, lakini walibeba hukumu 44 katika kila mia ya hukumu za makosa ya kutumia nguvu zilizowapata vijana wale. Na wenye jeni dhaifu hiyo hiyo waliolelewa bila ya mateso? Hao hawakuwa wabaya kuliko wenzao.

Tafiti zilizofuata nyengine zimeunga mkono matokeo haya na nyengine hazikuyaona, kwa hivyo hatusemi kwamba jeni hii moja ndiyo ufunguo wa kila kitu. Lakini fundisho lake limebaki: maumbile yale yale yakikutana na mateso huzaa shari, na yakikutana na malezi hutulia.

Tuurudie mkonge wa Kabuku. Mkonge haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa vimiche vinavyochipua juu ya mlingoti wake, au machipukizi yanayotoka pembeni ya shina. Kwa hivyo mche hurithi sawasawa na mama yake, bila ya mchanganyiko. Lakini mche mmoja ukiutia ardhi nzuri ukaupalilia, na pacha wake ukamtupa kwenye kichaka, hutovuna singa zile zile. Ikiwa mmea ulionakiliwa namna hii haumo mikononi mwa urithi peke yake, itakuwaje mwanadamu?

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameyasema karibu na haya katika Ihya. Anaeleza kwamba kokwa ya tende si mtende wala si mtufaha. Haiwezi kuwa mtufaha hata ukifanya nini, lakini inaweza kuwa mtende ikitunzwa. Vivyo hivyo hasira haiwezi kung'olewa kabisa ndani ya mtu, lakini inaweza kufundishwa utiifu.

Duara linaloanzia nyumbani kwetu

Urithi na mazingira hayakai mbali mbali. Mtoto aliyezaliwa na moto huwachosha wakubwa, na wakubwa waliochoka humpiga na kumkemea zaidi. Akipigwa zaidi, huzidi ukali. Watafiti wameliona hili hata kwa watoto wa kulelewa: wale ambao wazazi wao wa damu walikuwa na matatizo ya tabia, hupata ukali zaidi kutoka kwa walezi wasiowazaa. Kwa hivyo mtoto hurithi mara mbili: anarithi moto, kisha anarithi namna watu wanavyoujibu moto huo. Mlango wa kwanza hatuna ufunguo wake. Wa pili uko mikononi mwetu.

Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 uliohusu Bara na Zanzibar, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa wanafunzi 409 wa skuli ya msingi hapa nchini ulikuta kwamba waliopigwa zaidi ndio waliokuwa na ukorofi zaidi. Mtu atasema: "Si kwa sababu wao ndio wakorofi?" Huenda ikawa hivyo kwa sehemu. Lakini basi bakora haikuwatibu, na hilo linatosha kutufanya tufikiri.

Ibn Khaldun aliliandika hili katika Muqaddima mwaka 1377: mtoto akilelewa kwa ukali na kulazimishwa, hunyong'onyea, huwa mvivu, na hujifunza uongo na hila ili ajinusuru na mkono wa mkubwa wake. Yule mtoto wa Kabuku anayesema uongo huku amekukazia macho, tumuulize aliyemfundisha.

Na sisi tunaoandika haya hatujitoi. Tulipoanza kusomesha chuoni tukiwa vijana, bakora ilikuwa haitutoki mkononi. Alikuwepo mvulana ambaye baba yake alijulikana mtaani kwa ulevi, na kila alipokosea tulimtajia baba yake mbele ya wenzake. Siku moja hakuja, wala hakurudi tena. Tulisema ni damu ya baba yake. Leo tunajua kwamba sisi tulikuwa sehemu ya yaliyomfukuza, na tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Njaa, homa na kichwa cha mtoto

Mazingira si bakora na maneno tu. Huko Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii yetu, watafiti waliwachunguza watoto 1,795 walipokuwa na miaka mitatu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliokuwa na dalili za utapiamlo katika umri huo walionekana wakorofi zaidi walipofika miaka minane, kumi na moja na kumi na saba. Lakini zipo habari njema pia. Watoto mia moja kati yao walipewa miaka miwili ya chekechea nzuri: chakula bora, mazoezi ya mwili na mafunzo. Walipofika miaka 23, makosa ya jinai miongoni mwao yalikuwa pungufu kwa takriban thuluthi moja kuliko kwa wenzao. Na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na utapiamlo. Damu zao hazikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni sahani na siku zao.

Vile vile degedege. Watafiti wa Uganda wameeleza kwamba baadhi ya watoto walionusurika na malaria iliyopanda kichwani hubaki na athari: kutotulia, ghadhabu, ugumu wa kujifunza, pengine kifafa. Hatusemi kwamba mtoto wetu wa Kabuku ana hilo, sisi si madaktari. Tunasema kwamba mtoto aliyepata degedege, njaa na vitisho kabla ya miaka mitatu, kisha akaambiwa tatizo lake ni damu ya baba, amedhulumiwa kabla hajapimwa.

Wako watakaosema ana shetani. Kumsomea Qur'ani mtoto ni jambo la kheri, na bibi anaweza kumsomea mwenyewe kila usiku. Lakini kisomo hakizuii kwenda hospitali, na kumfunga mtoto, kumfukiza moshi au kumpiga kwa madai ya kutoa jini ni dhulma.

Dini inasemaje kuhusu nasaba

Qur'ani imetufundisha katika Suratul-An'aam, aya ya 164, na mahali pengine, kwamba nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyengine. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio wanaompeleka huku au kule. Nabii Nuh (A.S.) alikuwa na mwana aliyekataa kupanda jahazi. Nabii Ibrahim (A.S.) alikuwa na baba aliyeabudu masanamu. Lau damu ingekuwa hukumu, visa hivi visingekuwepo.

Tumkumbuke pia Ikrima. Baba yake ni Abu Jahl, na hapana nyumba iliyomuudhi Mtume (S.A.W.) kuliko ile. Ikrima mwenyewe alipigana na Waislamu mpaka Makka ilipofunguliwa. Kisha akasilimu, akawa miongoni mwa mashujaa wa Kiislamu, na akafa shahidi. Imepokewa katika vitabu vya sira kwamba alipokuwa njiani kuja, Mtume (S.A.W.) aliwakataza Sahaba wasimtukane baba yake mbele yake. Baba mwenyewe alikuwa Abu Jahl! Sisi je, tunamtukania baba yake mtoto wa miaka tisa?

Haya hayamuondolei mtu mzima jukumu lake. Aliyebaleghe na ana akili timamu ataulizwa kwa matendo yake, na jeni haimwi hoja mbele ya Kadhi wala mbele ya Mola wake. Lakini kalamu bado haijaanza kumwandikia mtoto madhambi. Imeshaanza kutuandikia sisi wakubwa.

Na kuhusu kupiga: wako wanaotaja hadithi ya sala kwa mtoto wa miaka kumi. Wanazuoni wameiwekea masharti: iwe baada ya miaka ya kufundisha, isiwe kwa hasira, isiguse uso, isiache alama. Mtoto wetu hajafika hata hiyo kumi. Na Bibi Aisha (R.A.) ametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Bara na ile ya mwaka 2011 kwa Zanzibar nazo zinakataza kumtendea mtoto ukatili.

Jawabu kwa ndugu yetu

Swali la kwanza: tabia zina mizizi katika maumbile, lakini hakuna damu mbaya. Mtoto anaweza kurithi mwelekeo, harithi hukumu. Na mwenye mwelekeo mzito anastahiki uangalizi zaidi, si pungufu, kama ambavyo mtoto mwenye pumu hatumlazi kwenye moshi.

Swali la pili: kwa madhehebu yetu ya Shafi, matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba, na baba asipoweza wajibu huo unahamia kwa babu mzaa baba akiwa na uwezo. Babu mwenye mikarafuu hana udhuru. Hilo ni deni, wala si sadaka. Ami halazimiki kwa matunzo namna hiyo, lakini analazimika kuunga udugu, na asikae kikao cha kumkata mtoto.

Ama kukaa naye, mama anapoolewa na mtu asiye na udugu na mtoto, haki ya ulezi huhamia kwa mama yake, naye ni bibi huyu. Mtoto ameshafika umri wa kupambanua, anafaa kuulizwa anapenda akae wapi. Sisi tulimuuliza. Akaangalia chini, akasema: "Kwa bibi." Kwa hivyo ushauri wetu ni kwamba asihamishwe kwa haraka. Mtoto aliyekwisha kupoteza baba na mama asipokonywe na bibi. Msaada ndio uhame, uende Kabuku. Ikitokea mzozo, warejee kwa Kadhi na kwa ofisi ya ustawi wa jamii.

Tumekubaliana na bibi na ndugu yetu mambo haya, na huenda yakafaa nyumba nyengine:

1. Babu atume matunzo kila mwezi bila ya kungojea kuombwa. Kwanza chakula, kisha ada na nguo.

2. Mtoto apelekwe hospitali apimwe masikio, macho na athari za degedege. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi.

3. Jina la "mtoto wa jambazi" life leo. Akiuliza kuhusu baba, aambiwe ukweli kwa upole: baba yako alikosea, anaadhibiwa, na wewe si yeye.

4. Kanuni za nyumbani ziwe chache na zisibadilike: asiyefanya hivi anakosa kitu fulani, kila siku, bila ya matusi. Na akifanya jema aambiwe pale pale. Mafunzo ya wazazi ya namna hii yamejaribiwa nchi nyingi na yamepunguza ukorofi wa watoto.

5. Akiiba, arudishe mwenyewe kwa mkono wake, bibi akiwa pembeni, na aombe radhi. Asitembezwe mtaani kwa aibu.

6. Apewe amana. Huyu hajapoteza mbuzi hata mmoja. Mtoto anayelinda mali ya jirani kutwa nzima hawezi kuitwa mwizi kwa asili. Aanziwe hapo, ila uchungaji usimkoseshe skuli.

7. Arudishwe chuoni. Tulizungumza na mwalimu wake, akaona uzito wa jambo. Atamketisha karibu yake, na hatoruhusu tena jina lile litajwe.

8. Watoto wengine nao wana haki ya usalama. Asiachwe peke yake na wadogo mpaka atulie. Akianza kuchoma vitu moto, kutesa wanyama au kudhuru vibaya, watafutwe wataalamu haraka. Ipo namba 116 ya msaada kwa mtoto, haina malipo, nayo hupokea hata simu ya mzazi aliyeelemewa.

Wala asitarajie mtu mabadiliko ya wiki moja. Yaliyojengwa kwa miaka tisa hayabomolewi kwa mwezi. Ataanguka tena, na siku hiyo wazee watasema, "Si tulisema?" Siku hiyo ndiyo ya kushika zaidi, kwa sababu ndiyo siku mtoto anapopima kama mapenzi yetu yana mwisho.

Tulipokuwa tunaondoka kuifuata gari barabarani, mtoto alitubebea mkoba mpaka kituoni. Ndani yake mlikuwa na pesa za safari, na yeye alituona tunazitia. Tulipofika tulihesabu kimya kimya, na zilikuwa kamili. Tukaona haya kwa kuhesabu kule.

Ewe Mwenyezi Mungu, tutengenezee watoto wetu, waliotulia na walio moto, wa ndoa zilizosimama na zilizovunjika, na utupe subira ya kuwalea. Utusamehe kwa wale tuliowahukumu kabla ya kuwalea. Amin.

Wallahu a'lam.